Neno “Weigh” na Mizani ya Pamba Katika Usukuma

 Leo nataka tuzungumze habari za neno moja tu la Kiingereza. Ni neno fupi, lenye herufi tano. Wanafunzi hulikuta mapema katika masomo yao, nao hudhani kuwa wamelijua siku ile ile. Neno lenyewe ni “weigh”, yaani kupima uzito.

Nimelichagua neno hili kwa kuwa sisi wa Bariadi na wa nchi zote za Mkoa wa Simiyu ni watu wa pamba. Kila mwaka, msimu wa kununua pamba ufunguliwapo, watu hutoka vijijini na magunia yao, wengine kwa baiskeli, wengine kwa mikokoteni ya ng’ombe, wakaenda kusimama mbele ya mizani. Jasho la miezi mingi, tangu kupanda hata kuvuna, hugeuka kuwa hesabu kwa muda wa dakika moja. Basi mtu ajifunzaye vema neno “weigh” hajifunzi Kiingereza peke yake. Ajifunza pia sehemu ya historia ya nchi yake. Maana kwa ajili ya kitendo hiki kimoja, wazee wa Usukuma waliwahi kuungana wakafanya jambo lililowashangaza wengi.

Kutamka neno na asili yake

Kwanza tulitamke. Herufi zake ni w, e, i, g na h, lakini zile mbili za mwisho hazisikiki kabisa. Mwingereza hulitamka “wei”, sawasawa na neno “way” ambalo maana yake ni njia. Ukiongeza herufi t mwishoni wapata “weight”, yaani uzito, nalo hutamkwa sawasawa na “wait”, maana yake ngoja. Kwa hiyo mwanafunzi aandikaye kwa kufuata sikio tu aweza kumwandikia mwenzake, “Uzito hapa mpaka nirudi,” naye alitaka kusema, “Ngoja hapa mpaka nirudi.” Sikio halitoshi, maneno haya sharti yajulikane kwa macho pia.

Tena kufanana kwa “weigh” na “way” si kwa bahati tu. Zaidi ya miaka 1000 iliyopita Waingereza wa kale walikuwa na neno “wegan”. Maana yake ya kwanza haikuwa kupima. Ilikuwa kubeba, kuchukua, kuinua kitu na kukipeleka. Neno “way”, yaani njia ile apitayo mchukuzi, ni la ukoo huo. Na neno “wagon”, yaani gari kubwa la kukokotwa na wanyama, ni la ukoo huo pia. Hata leo maana ile ya kale haijafa. Baharia wa Kiingereza asemapo “weigh anchor” hapimi nanga kujua uzito wake. Aing’oa nanga, aiinua kutoka majini, apate kusafiri.

Je, neno la kubeba liligeukaje kuwa neno la kupima? Jambo hili halina fumbo. Kabla ya kuwa na mizani, mtu ajuaje kuwa kitu ni kizito? Hukiinua. Mama ashikapo kapu la michembe sokoni, hulinyanyua kwanza kwa mkono mmoja, akaona kama lastahili bei aliyotajiwa. Mkono wake ndio mizani yake. Waingereza wa kale walifanya vivyo hivyo, na neno la mkono ubebao likawa neno la mkono upimao.

Sisi wa Usukuma yatupasa kulielewa jambo hili upesi kuliko watu wengi. Katika karne ya 19 babu zetu, pamoja na ndugu zao Wanyamwezi, walisifika kwa kazi ya upagazi. Walichukua pembe za ndovu na bidhaa nyingine mabegani, mwendo wa miezi, kutoka bara mpaka pwani, wakarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa yapata ratili 60 au 70, karibu frasila mbili. Mpagazi hakuwa na haja ya karani amwambie kwamba mzigo umezidi. Bega lake lilimwambia tangu hatua za kwanza. Kwake yeye kubeba na kupima vilikuwa kitu kimoja, kama vilivyokuwa kitu kimoja katika neno la Waingereza wa kale.

Kupima kwetu na kupima kwao

Sasa natuangalie jinsi neno hili litumikavyo, maana hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa.

Kiswahili kina neno moja pana, “kupima”. Fundi wa nguo hupima kiuno cha mteja. Mpima ardhi hupima mashamba na viwanja. Daktari hupima damu aone kama ina malaria. Karani hupima pamba. Mwenye busara hupima maneno yake kabla ya kunena. Tena neno “pima” lenyewe ni jina la kipimo cha urefu: mtu akinyosha mikono yake yote miwili, kutoka ncha ya vidole vya kulia hata ncha ya vidole vya kushoto, hiyo ndiyo pima moja, nayo huhesabiwa kuwa dhiraa 4.

Waingereza hawana neno pana kama hili. Wameligawanya. Fundi wa nguo hufanya “measure”. Mpima ardhi hufanya “survey”. Mpima damu hufanya “test”. Neno “weigh” ni la uzito tu: kwa mizani, au kwa mkono, au kwa akili, kama tutakavyoona. Basi mwanafunzi akiandika, “The clerk measured my cotton,” Mwingereza asomapo huona machoni pake karani aliyeshika kamba, akitafuta urefu na upana wa gunia! Sharti aandike, “The clerk weighed my cotton.” Vivyo hivyo muuguzi amtundikapo mtoto mchanga katika mizani kliniki, neno lake ni “weigh”, lakini ampimapo urefu wake kwa ubao, neno ni “measure”.

Kuna jambo la pili, nalo ni kubwa zaidi. Neno “weigh” lina pande mbili. Tazama sentensi hizi: “The clerk weighs the cotton.” Maana yake, karani apima pamba. Kisha: “The cotton weighs 40 kilos.” Maana yake, pamba ina uzito wa kilo 40. Neno ni lile lile, lakini katika sentensi ya kwanza karani atenda kazi, na katika ya pili pamba haitendi kazi yo yote. Imekaa tu, na uzito wake ni sifa yake. Kiswahili hutenganisha mambo haya mawili: huyu apima, ile ina uzito. Kiingereza huyatia katika neno moja, na msomaji sharti atazame ni nani asimamaye mbele ya neno.

Kutokana na hayo twapata kanuni yenye faida. Kazi yaweza kuwa inaendelea, kwa hiyo ni halali kusema, “The clerk is weighing the cotton,” yaani karani anapima pamba sasa hivi. Walakini sifa haiendelei wala haikomi, kwa hiyo si sawa kusema, “The cotton is weighing 40 kilos.” Sema, “The cotton weighs 40 kilos,” basi. Na ukitaka kuuliza, uliza, “How much does it weigh?” Hapo herufi s imeondoka katika “weigh”, kwa sababu neno “does” limekwisha kuichukua.

Jambo la tatu ndilo litakalotupeleka kwenye historia. Waingereza husema pia, “The cotton was weighed,” yaani pamba ilipimwa. Sentensi hii ni kamili; haina kosa la sarufi hata kidogo. Lakini ina shimo ndani yake. Ilipimwa na nani? Sentensi haisemi. Mtu akitaka kujua, hana budi kudai kipande kilichobaki: “by the clerk”, na karani, “by the buyer”, na mnunuzi, “by the farmer”, na mkulima mwenyewe. Katika daftari la shule kipande hicho ni maneno machache tu. Katika magulio ya pamba ya Usukuma kilikuwa ugomvi wa miaka mingi.

Nani alipima?

Maneno mengi ya mizani tuliyo nayo katika Kiswahili yalikuja na biashara ya pwani. “Mizani” ni neno la asili ya Kiarabu, na “ratili”, “wakia” na “frasila” pia. Frasila moja ilikuwa yapata ratili 35, yaani karibu kilo 16, nayo ndiyo iliyotumika kupimia pembe za ndovu na karafuu. Katika vijiji vya bara nafaka haikuuzwa kwa mizani. Ilipimwa kwa kujaza chombo, kama kibaba na pishi. Kipimo cha chombo kila mtu hukiona. Chombo kimejaa au hakikujaa; hata mtoto aweza kushuhudia.

Pamba ilibadili mambo hayo. Wadachi walianza kuihimiza katika nchi za Ziwa kabla ya vita ya 1914, na baada ya Waingereza kushika utawala kilimo hicho kilikua sana. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza, ikapita katika Usukuma, na pamba ikapata njia nyepesi ya kwenda pwani. Katika Ukiriguru, karibu na Mwanza, kulikuwa na kituo cha serikali cha kuchunguza mbegu. Ndiyo maana mbegu nyingi za pamba zilizopandwa huku zilianza na herufi UK, maana yake Ukiriguru. Watu walihitaji shilingi za kodi, za nguo na za ada ya shule, na pamba ikawa ndiyo mlango wa shilingi.

Walakini pamba haiwezi kupimwa kwa pishi. Ni nyepesi, hushindiliwa ikashindilika. Gunia moja laweza kuwa na pamba nyingi au kidogo, na jicho lisijue. Sharti mizani. Na mizani ilikuwa ya nani? Viwanda vya kuchambua pamba vilikuwa mikononi mwa matajiri, wengi wao Wahindi, na wanunuzi wenye leseni katika magulio walikuwa hivyo hivyo. Mnunuzi ndiye aliyekuwa mwenye mizani, ndiye aliyesoma mshale, ndiye aliyeandika, na ndiye aliyelipa. Mkulima alisimama upande wa pili, na mara nyingi hakujua kusoma tarakimu. Alitajiwa hesabu, akapokea fedha, akaenda zake. Pamba yake ilipimwa. Na neno “na nani” lilikuwa na jibu moja tu.

Natupige hesabu ndogo tuone uzito wa jambo hilo. Tuseme mkulima ana mizigo 12, na kila mzigo una uzito wa kweli wa kilo 42. Mizani ikionyesha 40 tu, kila mara kilo 2 zapotea. Kwa mizigo 12 ni kilo 24: zaidi ya nusu ya mzigo mzima. Mkulima hakuibiwa usiku, wala hakuna mtu aliyevunja ghala yake. Alisimama pale pale mchana kweupe, macho yake yakitazama. Haifai kusema kwamba kila mnunuzi alikuwa mdanganyifu; wako waliopima kwa haki. Lakini mtu asiyeweza kusoma mizani hawezi kumtenga mwaminifu na mwizi, kwa hiyo huwashuku wote wawili. Ndivyo ilivyokuwa. Malalamiko ya mizani yakajaa katika nchi yote ya pamba.

Dawa ya kwanza haikutoka mbali. Wakulima walianza kuwaweka wapimaji wao wenyewe: vijana waliosoma shule, waliojua tarakimu, wakapima pamba kabla haijafika kwa mnunuzi, au wakasimama karibu na mizani wakaangalia mshale na kuandika. Lifikirini jambo hili, ninyi wanafunzi. Kijana aliyefika madarasa machache tu, ambaye pengine wazazi wake waliulizwa na majirani kwamba kusoma kwake kwafaa nini, sasa alisimama penye gulio, na wazee wenye mvi wakamngojea aseme namba. Hakuwa na cheo. Alikuwa na elimu ya kusoma mizani. Tangu hapo mnunuzi akisema 40, palikuwa na mtu wa pili wa kusema, “Kwetu sisi ni 42.” Sentensi ile iliyokuwa na shimo ilianza kujazwa.

Kutoka mizani mpaka ushirika

Kumshuhudia mpimaji ni kuzuri, lakini kupima mwenyewe ni kuzuri zaidi. Sheria ya vyama vya ushirika ilikuwapo Tanganyika tangu mwaka 1932, na Wachagga wa Kilimanjaro walikuwa wamekwisha kuitumia kwa kahawa yao. Katika Usukuma alitokea kijana mmoja, Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925. Tangu mwaka 1947 alikuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanya biashara Waafrika wa Mwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 yeye na wenziwe walianzisha chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, wakazunguka nchini kuwaeleza watu kwamba pamba yao yaweza kununuliwa na vyama vyao wenyewe, kwa mizani yao wenyewe, na makarani waliowachagua wenyewe.

Watu walisikia. Vyama vya msingi viliandikishwa kimoja baada ya kingine, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho kubwa lenye makao yake Mwanza, lililojulikana kwa jina la Victoria Federation of Co-operative Unions. Bomani akawa meneja wake mkuu. Wilaya ya Maswa, ambayo siku hizo ilikuwa na nchi za Ntuzu na Itilima, ambazo leo zimo katika wilaya za Bariadi na Itilima, ilikuwa mojawapo ya nchi za pamba za shirikisho hilo. Kufika mwaka 1959 pamba yote ya nchi za Ziwa ilikuwa ikinunuliwa kwa njia ya vyama vya wakulima. Watu waliolisoma jambo hili wamelihesabu kuwa mojawapo ya mashirika makubwa kabisa ya ushirika yaliyowahi kumilikiwa na Waafrika. Mwaka 1960 Bomani akawa waziri wa kilimo.

Mtu aweza kusema, “Basi, shauri limekwisha, mizani imekuwa yetu.” Lakini historia haikuishia hapo, na mwalimu afichaye nusu ya habari huwadanganya wanafunzi wake. Mizani ya chama nayo hushikwa na mtu, na mtu ni mtu. Mwaka 1966 serikali iliunda tume maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika katika Tanzania, kwa kuwa wakulima walikuwa wamelalamika juu ya watumishi wasio waaminifu katika vyama vilivyoitwa vyao. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini pote, na kazi ya kununua mazao ikapewa mashirika ya serikali. Mwaka 1982 sheria mpya ikavirudisha. Katika miaka ya 1990 wafanya biashara binafsi wakaruhusiwa tena kununua pamba. Katika miaka ya karibuni ununuzi umepitia tena katika vyama vya msingi.

Tazameni basi: mnunuzi binafsi, chama, shirika la serikali, mnunuzi binafsi tena, na chama tena. Mwenye mizani amebadilika mara nyingi. Swali halikubadilika hata mara moja. Pamba ilipimwa na nani, na mwenye pamba alijua kusoma mizani au hakujua?

Mizani za siku hizi

Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi, nao wahesabiwa kuwa wa kwanza kwa pamba katika Tanzania. Ratili na frasila zimekwisha kuondoka magulioni. Sasa ni kilo. Mizani nyingine ni za kutundika, zenye uso wa duara kama saa na mshale wa kuzunguka. Nyingine ni za kidijitali, zionyeshazo tarakimu kwa mwanga. Tangu mwaka 2002 tunao Wakala wa Vipimo, chombo cha serikali ambacho kazi yake ni kukagua mizani na kuzipiga alama zile zilizo halali.

Haya yote ni mema. Lakini mkaguzi hawezi kusimama penye kila gulio kila siku. Kwa hiyo mkulima na ashike mambo manne. Kwanza, kabla mzigo haujatundikwa, mshale au tarakimu sharti ziwe penye sifuri. Pili, mizani na iwe na alama ya mkaguzi. Tatu, uzito wa gunia lenyewe na ujulikane, ili kitakachotolewa kiwe uzito wa gunia na si zaidi. Nne, mwenye pamba na asome mwenyewe, aandike mwenyewe, kisha aifananishe hesabu yake na stakabadhi aliyopewa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Na haki ina pande mbili, kama neno lenyewe. Wako wakulima wanyunyizao maji katika pamba au kutia mchanga ili mshale uende mbele. Huyo naye aidanganya mizani, ila kwa njia nyingine. Tena hasara yake haimrudii peke yake: pamba iliyochafuliwa huharibu jina la pamba ya nchi nzima, na bei ya jirani yake mwaminifu hushuka pamoja na ya kwake. Mtu hawezi kudai mizani ya kweli kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akatia maji katika gunia.

Kupima kwa akili

Sasa nimalize na matumizi mengine ya neno hili, kwa maana mwanafunzi atayakuta vitabuni.

Kutoka katika uzito wa vitu, Waingereza walilipeleka neno “weigh” katika mambo ya akili, kama sisi tulivyofanya kwa “kupima”. Husema, “Weigh your words,” yaani pima maneno yako. Hakimu asikilizaye mashahidi wa pande mbili hufanya “weigh the evidence”, yaani hupima ushahidi, aone upande upi una uzito. Hapa lugha zetu mbili zaenda pamoja bila taabu. Huzuni imlemeayo mtu nayo “weighs on him”, kama mzigo uliokaa begani; na katika matumizi haya twamwona tena yule mbebaji wa kale. Faida ikizidi hasara, husema kwamba faida “outweighs” hasara: katika mizani yenye sahani mbili, upande wa faida umeshuka.

Ninyi wanafunzi, jaribuni kuandika kwa Kiingereza sentensi hizi tano: Muuguzi alimpima mtoto uzito. Mtoto ana uzito wa kilo 9. Fundi alipima mlango. Pamba yetu ilipimwa na karani wa chama. Hakimu alipima maneno ya mashahidi. Nne kati yake zataka neno “weigh”, na moja hailitaki. Asiyeijua ile moja na arudi katika habari za fundi wa nguo, hapo juu.

Na mkifika katika sentensi ya nne, msikomee penye neno “weighed”. Mwalimu akiwauliza kama sentensi ni sahihi bila neno “by”, mwambieni kwamba kwa sarufi ni sahihi. Kisha mwambieni kwamba katika nchi ya pamba haitoshi. Wazee wetu walijifunza hivyo kwa hasara ya misimu mingi, wakajibu kwa kuwapeleka watoto shule na kuwasimamisha karibu na mizani. Mtoto wa Bariadi aendaye leo na mama yake gulioni, akasoma tarakimu kwa sauti kabla karani hajaitaja, ameendeleza kazi ile ile. Amejaza shimo lililo katika sentensi.

Kwaherini.